Tarehe 1 ya Mwezi wa Kwanza: Uongo Tunaowaandikia Wazee Wetu



Kuna uongo mmoja unaoingia katika jamaa zetu polepole, na watu wanaouleta si watu wabaya, wala si wajinga. Ni watu wa masomo. Ni watoto wetu wenye diplome na lisansi, ni ndugu zetu walioko Ulaya, Kanada na Marekani, ni walimu wenzetu pia. Wanafanya kazi nzuri: wanakusanya majina ya mababu na kuyaingiza ndani ya ordinateri, katika zile programu za mti wa ukoo, ili yasipotee. Kazi hiyo tunaisifu. Lakini wakifika mahali pa kuandika siku ya kuzaliwa ya mzee ambaye hana karatasi, wanaandika: 01/01/1920. Yule aliyemfuata: 01/01/1925. Dada yao: 01/01/1930. Ukitazama mti mzima, utafikiri ukoo wetu wote ulizaliwa siku ya Bonane.

Sisi tunasema wazi: hiyo si historia, ni kujaza fomu. Na mbaya zaidi, inafuta kitu ambacho wazee walikijua kweli na kuweka mahali pake kitu ambacho hakuna mtu aliyekijua hata siku moja. Tunataka kueleza hapa uongo huo umetoka wapi, unaharibu nini, na namna gani mtu anaweza kuandika mwaka asiokuwa na hakika nao bila kusema uongo.

1. Uongo huu haukutoka kwa wazee

Mzee wa kwetu ukimuuliza alizaliwa mwaka gani, mara nyingi hakupi namba. Atakuambia: "Siyui mwaka, lakini wakati wa uhuru nilikuwa nabeba mdogo wangu ku mgongo." Au atakusimulia habari za mama yake: "Babeleji walipochukua baba yake kwenda Tabora, yeye alikuwa angali mu tumbo." Hayo ni maneno ya mtu anayejua. Hana tarehe, lakini ana ushahidi.

Tarehe tupu ilitoka kwenye biro. Karani ana karatasi yenye nafasi tatu: siku, mwezi, mwaka. Nafasi zote lazima zijae, bila hivyo karatasi inarudishwa. Basi anatazama mvi za mzee, anapima kwa macho, anaandika.

Shuleni pia tulikuwa na kipimo chetu. Mtoto alipoletwa kuanza darasa la kwanza bila karatasi, aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Akiligusa, amefika miaka sita. Asipoligusa, arudi nyumbani. Miaka mingi ya kuzaliwa inayosomwa leo kwenye vyeti vya watu wazima ilitokana na urefu wa mkono. Baadaye wazazi wengine walipunguza miaka ya watoto ili wasionekane wakubwa mno darasani. Karatasi ya shule ni ushahidi, ndiyo, lakini ni ushahidi wa kupimwa, si wa kumezwa.

Kisha zikaja karti za kupigia kura, kuanzia uandikishaji wa 2005, na fomu za wakimbizi. Ndugu zetu wengi waliopitia kambi za Tanzania, Burundi au Uganda kabla ya kupelekwa Marekani au Australia wamepewa 01/01 kuwa siku yao ya kuzaliwa, juu ya ordinateri ya biro ilikataa kupokea mwaka peke yake. Hatuwalaumu. Mtu anayetafuta maisha hawezi kubishana na fomu. Lakini fomu ya biro ni jambo moja, na mti wa ukoo ni jambo lingine. Karti inamtambulisha mtu mbele ya polisi. Mti unamtambulisha mbele ya vitukuu vyake.

Tena tuseme neno litakalowachoma wengine. Karani wa wakati wa ukoloni, na ubaya wote wa utawala ule, aliposhindwa kujua mwaka aliandika kwa Kifaransa neno moja dogo: vers. Maana yake "hivi", "karibu na". Wazee wengi walibeba vitabu vilivyosema wamezaliwa "vers 1925". Mapadri nao, wakibatiza mtu mzima, waliandika kwa Kilatini circa au circiter, neno lenye maana hiyohiyo. Hao wageni walikubali kwamba hawajui. Leo mjukuu wa mzee yule, mwenye lisansi, anachukua "vers 1925", anafuta "vers", anaandika 01/01/1925. Nani hapo amemheshimu mzee zaidi?

2. Wazee walijua nini

Watu wanasema: "Wababu wetu hawakujua kuhesabu miaka, kwa hiyo tunawasaidia." Maneno hayo ni ya dharau, hata kama anayeyasema havai kofia ya mkoloni.

Wababu walijua utaratibu. Walijua nani alimtangulia nani. Lugha yetu yenyewe haimwachii mtu kusahau jambo hilo: hatuna ndugu tu, tuko na yaya na mdogo. Baba wa mtu ana kaka yake, huyo ni baba mkubwa. Ana mdogo wake, huyo ni baba mdogo. Mtoto wa miaka mitano anajua nani ni baba mkubwa na nani ni baba mdogo, na anajua kwamba heshima zao, mahali pao pa kukaa na maneno yao katika mahari hayalingani. Ukibuni miaka ya hao wawili na ukakosea, umegeuza baba mdogo kuwa baba mkubwa. Mti wako umekuwa na namba nzuri lakini umepoteza jamaa.

Wababu walijua pia kufunga watu kwenye mambo yaliyotokea. Waliopashwa tohara pamoja walijulikana maisha yao yote kuwa watu wa rika moja. Na mambo makubwa ya nchi yalikuwa kalenda yao. Huku kwetu Maniema na Kivu, kalenda hiyo tunaweza kuiandika miaka yake bila shida:

– mauaji ya soko la Nyangwe, ambayo Livingstone aliyaona kwa macho: tarehe 15 ya mwezi wa saba 1871;
– vita ya Wabelgiji na Waarabu: 1892 mpaka 1894, na Nyangwe na Kasongo zilitekwa mwaka 1893;
– kuingia Tabora wakati wa vita ya kwanza ya dunia: mwezi wa kenda 1916;
– mafua makubwa yaliyoua watu dunia nzima: 1918 na 1919;
– mpira wa vita, wakati siku za kazi ya lazima zilipandishwa mpaka 120 kwa mwaka: kuanzia 1942;
– uhuru: tarehe 30 ya mwezi wa sita 1960;
– Wasimba ndani ya Kindu: kuanzia mwezi wa saba 1964 mpaka mwezi wa kumi na moja mwaka uleule;
– Schramme na askari wake wa kukodiwa ndani ya Bukavu: mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi na moja 1967;
– nchi kuitwa Zaire: tarehe 27 ya mwezi wa kumi 1971, na mwaka uliofuata watu kuacha majina ya Kikristo;
– hesabu ya watu wote wa nchi: mwezi wa saba 1984.

Mzee anayesema "nilizaliwa baada ya mafua, kabla ya mpira wa vita" hajasema kitu cha bure. Amekupa mipaka miwili. Kazi ya msomi ni kuitafuta mipaka hiyo na kuisogeza karibu, si kuitupa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Bibi mmoja anasema wakati wa uhuru alikuwa anabeba mdogo wake mgongoni, lakini alikuwa hajaanza kwenda shamba pamoja na wanawake. Mtoto anayebeba mwenzake namna hiyo ana miaka kama sita mpaka kumi. Basi alizaliwa kati ya 1950 na 1954. Kiisha tunatafuta parokiani na kukuta kwamba ndugu aliyemfuata, yule wa tumbo la pili, alizaliwa na kubatizwa mwezi wa tatu 1953. Mama hawezi kuzaa mara mbili ndani ya miezi tisa. Basi bibi yetu alizaliwa kabla ya kuisha mwezi wa sita 1952. Mpaka mmoja umesogea. Sasa tunaandika: kati ya 1950 na 1952, na chini yake tunaeleza sababu. Tena tunaongeza kwamba kwa mila mama alinyonyesha karibu miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine, kwa hiyo 1950 inaelekea zaidi kuliko 1952. Lakini hilo la mwisho tunaliacha kwenye maelezo, sababu mila si sheria ya mwili. Wanawake wengine walipata mimba mapema.

Tazama sasa tofauti. "01/01/1950" ingekuwa namba moja isiyo na baba wala mama. "Kati ya 1950 na 1952" ina mashahidi wawili, bibi mwenyewe na kitabu cha parokia, na mtu akipinga anaweza kwenda kuwauliza.

Mfano wa pili ni wa yule mama wa tumboni. Kama jamaa wote wanakubali kwamba baba yake alichukuliwa upagazi mwanzoni mwa 1916 na hakumwona mtoto, basi mtoto hakuweza kuzaliwa baada ya miezi tisa tangu siku ile baba alipoondoka. Alizaliwa ndani ya 1916. Hakuna karatasi hata moja, na tumefika kwenye mwaka mmoja. Nani atasema tena kwamba maneno ya wazee hayana hesabu?

3. Madhara yake

Wengine wanatuambia: "Walimu, mnapiga kelele bure, ni tarehe tu." Hapana, si tarehe tu.

Kwanza, inaleta vita vya ukubwa. Katiba ya 2006, katika artikle ya 207, inatambua mamlaka ya mila na inasema yanarithiwa kufuatana na mila ya mahali. Kwa jamaa nyingi, mila maana yake ni kuuliza: nani alitangulia? nyumba gani ni ya kwanza? Tuseme babu alikuwa na wake wawili, na kila nyumba ina mtoto wa kiume. Wazee wanajua nani alizaliwa mbele. Mjukuu wa nyumba ya pili anatengeneza mti ndani ya ordinateri, anaandika baba yake 01/01/1928, na wa nyumba ya kwanza 01/01/1930. Labda hakukusudia ubaya, alikisia tu. Miaka ishirini baadaye wazee wamekufa, na karatasi ile imepigwa chapa vizuri, ina rangi, inaletwa mbele ya shefu au tribinali juu ya shamba: "Ordinateri imesema." Ordinateri haikusema kitu. Imerudisha tu kile ulichoiwekea.

Pili, inachanganya watu. Programu hizi, na zaidi zile za intaneti, zinatafuta watu wanaofanana ili ziwaunganishe. Zinatazama jina na mwaka. Sasa kwetu Maniema akina Ramazani, Saidi na Amisi ni wangapi? Ukiwaandika wote 01/01/1930, programu itakuuliza kama si mtu mmoja. Mtoto wa mjini asiyewajua atabonyeza ndiyo, na wazee wawili wa vijiji viwili watageuka mtu mmoja mwenye wake wanne. Lakini ukiandika mmoja kati ya 1916 na 1919, na mwingine kati ya 1927 na 1932, watabaki kila mmoja mahali pake.

Tatu, na hili ndilo linalotuuma zaidi sisi tunaofundisha: uongo ukikaa karibu na ukweli, unauchafua. Ndani ya mti uleule iko mtoto aliyezaliwa kweli hospitalini tarehe 1 ya mwezi wa kwanza, na cheti chake kipo. Iko pia babu wa 01/01 ya kubuni. Miaka hamsini ijayo, nani ataweza kuwatofautisha? Atakayegundua kwamba mmoja ni wa uongo, atakataa yote, hata ile iliyokuwa kweli. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wanaoipita nyuma yake ni wengi.

4. Programu zinaruhusu nini

Kuna watu wanajitetea: "Ordinateri inakataa." Kwa fomu za biro, hiyo ni kweli. Kwa programu za ukoo, si kweli, na haijawa kweli kwa muda mrefu.

Programu hizi zinapashana habari kwa lugha moja inayoitwa GEDCOM. Ilitengenezwa na Wamormoni wa Marekani mwaka 1984. Toleo lake la 5.5, lililotoka 1996, lilikuwa tayari na alama za miaka isiyo na hakika. Kwa hiyo mtu anayelaumu mashine leo analaumu kitu kilichokwisha kumfungulia mlango kabla ya vita ya 1996 kuanza huku kwetu. Programu ya Gramps, ambayo hailipishwi, inafanya kazi bila intaneti na iko kwa Kifaransa, inapokea alama hizo zote. Tuzieleze kwa maneno yetu.

"Kabla ya" (BEF). Unajua mpaka wa juu tu. Babu alikuwa amekwisha kufa wakati Wabelgiji walipoingia Kasongo: alikufa kabla ya 1893.

"Baada ya" (AFT). Unajua mpaka wa chini tu.

"Kati ya ... na ..." (BET ... AND). Hii ndiyo malkia wa kazi yetu. Jambo lilitokea siku moja, lakini siku hiyo iko mahali fulani ndani ya mipaka miwili.

"Kutoka ... mpaka ..." (FROM ... TO). Hapa wengi wanakosea. Hii ni ya jambo lililodumu. Mzee alikuwa kapita wa kijiji kutoka 1935 mpaka 1948: miaka yote hiyo alikuwa kapita. Ukiandika kwamba mtu alizaliwa "kutoka 1914 mpaka 1918", umesema mama yake alikaa na uchungu miaka minne.

"Hivi" (ABT). Ni ile "vers" ya makarani. Inafaa, lakini ni ya mwisho, sababu haisemi ni hivi kiasi gani. Gramps yenyewe, ikiwa hukubadilisha mipangilio yake, ikitafuta watu inachukulia "hivi" kuwa miaka 50 kila upande. "Hivi 1930" inakuwa kutoka 1880 mpaka 1980! Kama unajua mipaka, andika mipaka.

"Kwa hesabu" (CAL). Umepata mwaka kwa kutoa. Msalaba wa kaburi unasema amekufa 1972 akiwa na miaka 60: alizaliwa 1911 au 1912, kufuatana na kama alikuwa amefikisha siku yake ya kuzaliwa au hapana.

"Kwa kukadiria" (EST). Umefikiri tu kufuatana na umri wa watoto au mambo mengine. Si aibu, mradi useme.

Juu ya hayo, kila programu ina mahali pa maelezo. Hapo ndipo penye thamani kuliko namba. Andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chake, kwa Kilega, kwa Kisongora, kwa Kibembe, kwa Mashi. Andika nani aliyasema na siku gani. GEDCOM 7.0, ya mwaka 2021, imeweka mahali maalum pa maneno hayo pembeni ya tarehe yenyewe. Na kama huna hata mpaka mmoja, acha mwaka wazi lakini panga watoto kwa utaratibu wao wa kuzaliwa. Ndani ya Gramps watoto wa jamaa wanapangwa kwa mkono, wa kwanza mpaka wa mwisho, hata bila tarehe. Kitindamimba abaki kitindamimba.

5. Tunawajibu wanaopinga

Wa kwanza anasema: "Wazungu watatucheka. Mti usio na tarehe kamili si wa kisayansi." Ndugu, nenda ukaulize siku ya kuzaliwa ya Molière, yule tunayemfundisha shuleni. Wafaransa wenyewe hawaijui. Wanajua kwamba alibatizwa Paris tarehe 15 ya mwezi wa kwanza 1622, na wanaandika hivyo: alibatizwa. Hawakubuni. Na kwetu, Tippu Tip, ambaye aliacha hadithi ya maisha yake kwa Kiswahili, vitabu vingine vinasema alizaliwa 1832, vingine 1837; kufa kwake Zanzibar mwaka 1905 hakuna anayekubishia. Basi mtu anayeandika "kati ya 1832 na 1837" anasema ukweli kuliko anayechagua mmoja na kunyamaza.

Wa pili anasema: "Sisi ni watu wa Kanisa, mambo ya ubatizo lazima yawe na tarehe." Sawa kabisa. Basi tazama Mwenye Heri Isidore Bakanja, Mkongomani mwenzetu. Tarehe ya ubatizo wake inajulikana: 6 ya mwezi wa tano 1906. Kufa kwake: mwezi wa nane 1909. Lakini kuzaliwa kwake, vitabu vinasema tu kati ya 1885 na 1890. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 ya mwezi wa nne 1994 bila kumtafutia siku ya Bonane. Kama mtu anaweza kuingia altareni bila tarehe ya kuzaliwa, hawezi kuingia kwenye mti wako? Tena kitabu cha parokia kinasaidia zaidi ya tunavyofikiri. Mapadri Weupe walikuwa na kanuni ya ukatekumeni wa miaka minne. Mtu mzima aliyebatizwa kwao 1912 alianza mafundisho karibu 1908, na wakati ule alikuwa tayari na akili ya kuamua mwenyewe. Huo ni mpaka.

Wa tatu ni mjanja zaidi. Anasema: "Basi tuandike 'hivi' kila mahali, tupumzike." Huyo naye hatumwachii. Tumeona miti ambamo wote wamezaliwa hivi 1910, hivi 1920, hivi 1930, miaka yote inaishia na sufuri kama bei za sokoni. Huo ni uvivu uliovaa nguo za ukweli. Kutokuwa na hakika si ruhusa ya kutouliza. Mipaka mipana kupita kiasi ni sawa na kunyamaza, na mipaka myembamba isiyo na sababu ni sawa na 01/01. Mpaka mzuri ni ule ambao ukiulizwa "juu ya nini hapa?", una jibu.

Wa nne ni ndugu wa ng'ambo. Anasema: "Watoto wangu wanataka kumfanyia koko sherehe ya kuzaliwa." Fanyeni sherehe, haina mbaya. Imbeni, kateni keki, siku ya Bonane au siku nyingine yoyote. Koko atafurahi. Lakini keki isiingie katika mti wa ukoo.

6. Mwito wetu

Tunawaomba walimu wenzetu, wanafunzi wakubwa, na wote wenye ordinateri nyumbani: kwanza fungueni miti yenu mtafute kila 01/01. Kila moja iulizwe: cheti kiko wapi? Kama kiko, ibaki. Kama hakiko, itolewe, na mahali pake iandikwe mipaka na sababu. Ile tarehe ya kwenye karti ya kura au karatasi ya ukimbizi isitupwe nayo. Iandikwe pembeni kwamba ndivyo karti ilivyosema, ili mtu asipate matata siku ya kutafuta karatasi.

Pili, nendeni kwa wazee sasa. Waliokuwa watu wazima wakati wa uhuru wamebaki wachache sana, na waliobeba wadogo zao mgongoni siku ile wamepita miaka sabini. Msiwaulize: "Ulizaliwa tarehe gani?" Swali hilo linawafanya waone haya na kutaja namba ili muondoke. Ulizeni hivi: Nani alikutangulia tumboni? Nani alikufuata? Ulikuwa unafanya kazi gani wakati wa uhuru, wakati wa Mulele, wakati wa Schramme? Ulipashwa tohara pamoja na akina nani? Nani alikusimulia habari za kuzaliwa kwako? Maswali matano hayo, kalamu moja na daftari ya franga kidogo, vinazidi programu ya bei kali.

Tatu, mkiandika, wekeni majina yenu: "Habari hii imetolewa na fulani, imeandikwa na fulani, mwaka fulani." Mwandishi anayeogopa kuweka jina lake chini ya tarehe, anajua mwenyewe tarehe hiyo imetoka wapi.

Wazee hawakutuachia tarehe. Walituachia nani alimtangulia nani, na jambo gani lilitokea wakati gani, na hayo waliyalinda kupitia vita na njaa bila karatasi hata moja. Kuandika "kati ya mwaka huu na mwaka ule" si kukiri ujinga wao. Ni kuandika kile walichokijua, bila kupunguza na bila kuongeza.